Daktari alinawa mikono, mbona mzazi alikufa? Homa ya uzazi nchini Uingereza kabla ya mwaka 1937

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Wiki iliyopita, katika uzi mwingine humu humu, mchangiaji mmoja aliandika kwamba daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwalazimisha wanafunzi wake kunawa mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini mwaka 1847, na tangu hapo wanawake wakaacha kufa kwa homa ya uzazi. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu jambo linalonishangaza kuliko yote katika historia ya ukunga ni kwamba miaka themanini na zaidi baada ya Semmelweis, wazazi wa Uingereza walikuwa bado wanakufa kwa ugonjwa uleule, karibu kwa kiwango kilekile cha enzi za babu zao, na tena walioathirika zaidi hawakuwa maskini.

Kwanza tuuone ugonjwa wenyewe. Mwanamke amejifungua salama, mtoto analia vizuri, kondo la nyuma limetoka lote. Siku ya kwanza inapita, na ya pili. Siku ya tatu anaanza kuhisi baridi, meno yanagongana, anafunikwa mablanketi na bado anatetemeka. Kipimajoto kikitiwa kinasoma nyuzi 39 au 40, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio kupita 120 kwa dakika. Tumbo la chini linauma, kisha linajaa na kuwa gumu kama ngoma. Damu ya nifasi, ambayo watu hutarajia itoe harufu mbaya, mara nyingi haitoi harufu yoyote katika maambukizi yaliyo makali kabisa, na hilo liliwadanganya wengi. Jambo ambalo waandishi wa zamani walilitaja tena na tena ni kwamba akili ya mgonjwa hubaki timamu karibu mpaka mwisho: anaongea, anamuulizia mtoto, pengine anasema leo anajisikia nafuu. Katika wiki moja au mbili amekwisha fariki.

Chanzo kilijulikana. Louis Pasteur aliwaonyesha madaktari wa Paris mwaka 1879 vijidudu vilivyojipanga kama shanga za mkufu, akavichora ubaoni mbele yao. Ndivyo tunavyoviita leo streptokoka. Kwa hiyo hadi kufika mwaka 1900 hapakuwa tena na sababu ya kubishana kama ugonjwa huu unaambukizwa au hauambukizwi, na katika hospitali za wazazi za Ulaya vifo vilikuwa vimeshuka sana tangu miaka ya 1880, madaktari walipoanza kutumia karboliki na dawa nyingine za kuua vijidudu.

Sasa tazameni kitendawili. Kwa nchi nzima ya Uingereza na Wales, kati ya wanawake 4 na 5 walikufa kwa kila uzazi 1,000 katika miaka ya 1850, na katika miaka ya 1920 bado walikuwa kama 4. Vifo vya watoto wachanga vilishuka. Kifua kikuu kilishuka. Homa ya matumbo ilishuka. Vifo vya uzazi vilisimama palepale, na kuelekea mwaka 1934 vikapanda kidogo. Ilikuwa ni wanawake wapatao 3,000 kila mwaka, na sehemu kubwa kuliko zote, katika miaka mingine inayokaribia nusu, ilikuwa ni maambukizi.

Jibu linaanzia kwenye swali la mahali. Wanawake wengi wa Kiingereza hawakujifungulia hospitalini. Walijifungulia nyumbani, chumbani kwao, na usafi uliopatikana katika hospitali ya mjini haukuwafikia. Lakini tukisema hivyo tu tutadhani kwamba waliokufa ni wanawake wa vichochoroni, waliozalishwa na bibi wa jirani asiyesomea kazi. Takwimu za serikali za 1930 hadi 1932 zinakataa. Wake wa wanaume wa matabaka ya juu walikufa 4.44 kwa kila 1,000, na wake wa vibarua 3.89. Nilipoiona tarakimu hii mara ya kwanza nilidhani aliyeichapa amekosea, maana sijui ugonjwa mwingine wa enzi ile uliomwonea tajiri kuliko maskini.

Tofauti ilikuwa katika nani aliyeingia chumbani. Mke wa kibarua alizalishwa na mkunga. Mke wa mwenye mali alimwita daktari wa familia, na daktari huyo asubuhi alikuwa ametoka kumtazama mtoto mwenye homa ya vipele vyekundu, mchana amepasua jipu lenye usaha, na jioni anaitwa kwa mzazi. Homa ya vipele ni ya streptokoka, na jipu nalo huweza kuwa nao. Alinawa mikono, ndiyo. Wengi walinawa, lakini kwa haraka, katika beseni lililoletwa na mtumishi, kisha akavua koti na kukunja mikono ya shati. Mafunzo yake ya uzazi chuoni yalikuwa ya kupitia juu juu. Ada ilikuwa ndogo na wagonjwa wengine walikuwa wanamsubiri, hivyo hakuwa na subira ya kukaa saa kumi na mbili akingoja mlango wa kizazi ufunguke wenyewe. Alitoa kloroforomu, akatia koleo, akamvuta mtoto, pengine akaingiza mkono kutoa kondo la nyuma. Kila hatua ilikuwa ni njia ya kupeleka vijidudu ndani ya kizazi ambacho, baada ya kondo kubanduka, ni jeraha bichi lenye upana wa kiganja.

Mkunga aliyesajiliwa, kwa upande wake, alibanwa na sheria. Sheria ya Wakunga ya mwaka 1902 iliunda Bodi Kuu ya Wakunga, na kanuni za bodi hiyo ziliingia mpaka ndani ya mkoba wake. Gauni lake liwe la kitambaa kinachofuliwa. Bitana ya mkoba iwe ya kutoka ili ichemshwe. Awe na brashi ya kucha, kipimajoto, na dawa ya kuua vijidudu. Akipatwa na mgonjwa mwenye homa ya uzazi, aripoti na asimame kazi mpaka yeye mwenyewe, nguo zake na vifaa vyake visafishwe na mamlaka iridhike. Mkaguzi aliweza kugonga mlango wake na kuuomba mkoba. Daktari, kwa homa ileile, hakuwa na kanuni ya kumsimamisha; aliweza kutoka kwa mzazi anayekufa akaenda moja kwa moja kwa mzazi mwingine, na aliyemkataza hakuwepo.

Tena daktari ndiye aliyeandika cheti cha kifo. Homa ya uzazi ilikuwa katika orodha ya magonjwa ya kuripotiwa tangu sheria ya mwaka 1889, lakini kuripoti ilikuwa ni sawa na kujitia hatiani mbele ya mji mzima. Basi vyeti vikaandikwa maneno mengine: uvimbe wa utando wa tumbo, sumu katika damu, nimonia, bila kutaja kwamba marehemu alikuwa amejifungua siku tisa zilizopita. Ofisi ya msajili mkuu ilizoea kumrudishia daktari barua ya kumuuliza kwa adabu kama kifo hicho cha mwanamke kijana kilihusiana na uzazi. Mwaka 1926 serikali ilijaribu kuuzunguka mtego huo kwa kuagiza kwamba kiripotiwe kipimo chenyewe cha joto: mzazi yeyote aliyefika nyuzi 38 kwa saa 24, au joto likamrudia ndani ya siku 21, aripotiwe bila kujali jina la ugonjwa. Kwa maoni yangu huu ulikuwa ni uamuzi wa busara kuliko hotuba zote za miaka ile.

Nchi za jirani zilionyesha kwamba haikuwa lazima kuwa hivyo. Uholanzi na nchi za Skandinavia, ambako wakunga waliosomeshwa vizuri waliwazalisha wanawake nyumbani kwa subira na kuingilia kati kwa nadra, zilikuwa na vifo karibu nusu ya vile vya Uingereza. Upande wa pili wa bahari hali ilikuwa mbaya zaidi. Marekani ilikuwa na vifo 6 au 7 kwa kila uzazi 1,000 katika miaka ya 1920, na madaktari wa chama cha kitabibu cha New York walipochunguza vifo vya wazazi vilivyotokea mjini mwao kati ya 1930 na 1932, jumla 2,041, waliandika katika ripoti yao ya mwaka 1933 kwamba karibu theluthi mbili vingeweza kuzuilika. Ripoti iliwakasirisha wenzao wengi.

Nitaendelea na habari ya koo na ya dawa nyekundu. Kwanza nisikie michango.

Mkunga Mstaafu

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Hapo kwenye brashi ya kucha na bitana ya mkoba umenirudisha mbali.

Nilisomea ukunga katika miaka ya 1970, na kanuni tulizokaririshwa zilikuwa ni watoto wa hizo hizo ulizozitaja. Kila asubuhi katika wodi ya wazazi tulipita kitanda kwa kitanda tukipima joto na mapigo ya moyo, kisha tunamwomba mama afungue kitambaa tuitazame nifasi: wingi wake, rangi yake, harufu yake. Sista mkuu alikuwa na usemi kwamba mapigo ya moyo hayasemi uongo, kipimajoto ndicho husema. Alimaanisha kuwa mama anaweza kupoa joto asubuhi huku mapigo yakikimbia, nawe ukaandika kwamba anaendelea vizuri. Sasa ndipo ninapoelewa usemi huo ulitoka wapi.

Hospitali moja niliyofanyia kazi baadaye, ambayo sitaitaja, ilikuwa na uhaba wa glovu. Tulizifua kwa sabuni, tukazijaza maji kuona kama zina tundu, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda, tukazipeleka kwenye mtungi wa mvuke. Glovu moja iliweza kufanya kazi wiki mbili. Kilichoniuma si kurudia glovu, maana ukizichemsha sawasawa ni salama. Ni siku ambazo umeme ulikatika na mtungi haukupata moto, nasi tukaambiwa tuendelee tu. Katika mwezi mmoja wa namna hiyo nilipoteza wazazi wawili kwa homa, wote wa vitanda vilivyokaribiana.

Swali langu: nilifundishwa kuvaa barakoa wakati wa kuzalisha, na nilikuwa nikidhani ni kwa ajili ya kunikinga mimi na damu. Je, katika miaka hiyo ya 1920 barakoa ilikuwepo?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama, na pole kwa wale wawili.

Swali lako ndilo la koo nililoahidi. Barakoa haikuwa ya kumkinga mkunga. Ilikuwa ya kumkinga mzazi dhidi ya mkunga.

Katika hospitali ya wanawake ya Sloane mjini New York ulizuka mlipuko wa homa ya uzazi mwaka 1927, katika hospitali ambamo mikono ilinawiwa kwa utaratibu wote. Wachunguzi waliposugua pua na koo za wahudumu walikuta streptokoka kwa watu waliokuwa wazima, wanaotembea, wanaocheka na wagonjwa. Tangu hapo mashaka yakageukia pumzi na kikohozi.

Uthibitisho ulitoka London, na ni kazi ya mwanamke. Hospitali ya wazazi ya Queen Charlotte's ilijenga jengo la kuwatenga wagonjwa wa homa ya uzazi pamoja na maabara ya utafiti, na mkuu wa utafiti huo alikuwa daktari Leonard Colebrook. Dada yake, Dora Colebrook, naye alikuwa mtaalamu wa bakteria. Wakati huohuo Rebecca Lancefield wa New York alikuwa amekwisha gundua, mwaka 1933, njia ya kuzigawa streptokoka katika makundi ya herufi kwa kutumia seramu (maji ya damu yenye kinga), na ikaonekana kwamba zilizowaua wazazi karibu zote zilikuwa za kundi A, huku makundi mengine yakikaa ukeni mwa wanawake wazima bila madhara makubwa. Ugunduzi huo uliwanyang'anya madaktari kisingizio chao kikuu, kwamba vijidudu vilikuwa vya mama mwenyewe tangu mwanzo na hakuna wa kulaumiwa.

Dora Colebrook alichukua vijidudu kutoka kizazi cha mgonjwa, kisha akazunguka: pua na koo la daktari, la mkunga, la mume, la watoto wa nyumba, la mgonjwa mwenyewe. Kwa seramu aliweza kuona kama aina ya kwenye koo fulani ni ileile ya kwenye kizazi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1935 yalionyesha kwamba katika visa vingi ilikuwa hivyo. Aina iliyomuua au kumuumiza mama ilikutwa katika koo la aliyemhudumia, au la mtu wa nyumbani, au mara nyingine la mama mwenyewe, ikahamia chini kwa mkono wake.

Ndiyo maana ya kichwa cha uzi huu. Daktari aliweza kuwa amenawa mpaka viwikoni, kisha akainama juu ya jeraha akasema: sukuma, mama, sukuma.

Mpenda Historia

Nina mambo mawili, la kwanza la kuongeza na la pili la kuhoji.

La kuongeza ni kwamba Semmelweis hakuwa wa kwanza. Daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Scotland, aliandika mwaka 1795 kwamba homa hii huwapata wanawake waliozalishwa na watu waliomhudumia mgonjwa kabla yao, akaorodhesha visa kimoja kimoja na aliyezalisha, na akakiri waziwazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioubeba ugonjwa. Mji ulimchukia. Oliver Wendell Holmes naye alisema maneno kama hayo mjini Boston mwaka 1843.

La kuhoji ni hili. Je, si umaskini na lishe duni vilivyochangia zaidi? Miaka ya 1930 ilikuwa ya ukosefu mkubwa wa ajira nchini Uingereza, hasa kaskazini na Wales, na wanasiasa wa wakati ule walisema kwamba mama mwenye njaa hana nguvu ya kupambana na vijidudu.

Mwanzisha uzi

Walisema, na hoja ilikuwa na mvuto, lakini ile 4.44 dhidi ya 3.89 inaikwamisha. Lishe duni humwongezea mama hatari ya kufa kwa kutokwa na damu, kwa kuwa hana akiba, na humdhoofisha kwa namna nyingi. Kwa streptokoka wa kundi A aliyeingizwa moja kwa moja kwenye kizazi, aliyeshiba na mwenye njaa walikuwa karibu sawa. Mume mwenye mali aliweza kununua mayai, maziwa na muuguzi wa usiku, na akanunua pia koleo la daktari.

Hata hivyo nikubali jambo moja ambalo sikulitaja juu. Si maambukizi yote yaliyohesabiwa yalitokana na kujifungua. Sehemu yake ilitokana na utoaji mimba wa kificho, kwa chombo kisichochemshwa, na hapo umaskini unarudi kwa mlango mwingine, kwa sababu mwanamke mwenye watoto sita na mume asiye na kazi ndiye aliyekwenda kugonga mlango huo usiku.

Sasa dawa. Hadi mwaka 1935 aliyekwisha ambukizwa alikuwa na mambo machache ya kutumainia. Walijaribu seramu ya farasi, walijaribu kuosha kizazi kwa dawa kali, walijaribu kukikwangua (jambo lililovunja ukuta ambao mwili ulikuwa umejijengea na kuvisambaza vijidudu), walijaribu michanganyiko ya zebaki na ya aseniki kwenye mishipa. Colebrook mwenyewe aliwahi kuyafuata hayo ya aseniki na kuyaacha.

Mjini Elberfeld, Ujerumani, katika maabara za Bayer, Gerhard Domagk alikuwa akijaribu rangi za kutia vitambaa, zilizotengenezwa na wakemia Josef Klarer na Fritz Mietzsch, kwa kuwatibu panya aliowaambukiza streptokoka. Desemba 1932 rangi moja nyekundu ilifanya kazi: panya wasiotibiwa walikufa wote, waliotibiwa wakabaki hai. Taarifa ilichapishwa Februari 1935, na dawa ikaitwa Prontosil. Mwishoni mwa mwaka huohuo binti wa Domagk alijichoma sindano mkononi, mkono ukaoza kwa usaha, na baba akampa dawa yake mwenyewe. Akapona na mkono haukukatwa.

Colebrook aliipokea kwa mashaka, na mashaka yake ndiyo yaliyofanya neno lake liaminiwe. Yeye na daktari Méave Kenny waliwapa dawa wagonjwa 38 wa jengo la kutengwa, na katika jarida la Lancet la Juni 1936 wakaripoti vifo 3. Katika jengo hilohilo, miaka ya karibu iliyotangulia, mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano alikuwa akifa. Walitibu wengine 26 na hakufa hata mmoja, hivyo jumla ikawa vifo 3 kati ya wagonjwa 64. Wagonjwa waligeuka rangi ya waridi na mkojo wao ukawa mwekundu, jambo ambalo wauguzi walilazimika kuwaeleza mapema ili wasidhani wanatokwa na damu.

Utamu wa kisa uko Paris. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur waligundua mwishoni mwa 1935 kwamba wekundu haukuwa na kazi yoyote. Mwili ulikuwa unaivunja rangi na kubakiza kitu kisicho na rangi, salfanilamaidi, ambacho kilikuwa kimetengenezwa na mkemia wa Vienna, Paul Gelmo, tangu mwaka 1908 na hakikuwa na mwenye haki tena. Kiwanda chochote kingeweza kukitengeneza kwa bei ndogo. Kwa miaka 27 dawa ilikuwa kabatini, na katika miaka hiyo 27 nchi moja tu ya Uingereza ilizika makumi ya maelfu ya wazazi waliokufa kwa maambukizi.

Mchangiaji kutoka Kampala

Kwa wanaouliza habari za huku kwetu: katika kilima cha Namirembe, Katharine Cook, muuguzi wa misheni na mke wa daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, alifungua mwaka 1921 shule ya wakunga iliyoitwa Lady Coryndon. Mabinti walifundishwa Kiingereza kidogo, anatomia na usafi mwingi, kisha wakatumwa kwenye vituo vya vijijini. Ninavyoona mimi, utaratibu wa mkoba na brashi ya kucha ulifika Buganda kupitia shule hiyo, miaka kumi na tano kabla ya salfa, yaani hiyo salfanilamaidi.

Mpenda Historia

Nimeridhika na habari ya lishe. Lakini bado nina mashaka na dawa. Je, hatuwezi kusema kwamba vijidudu vyenyewe vilikuwa vinapungua ukali, na salfa ikaja wakati mwafaka ikachukua sifa? Homa ya vipele vyekundu, ambayo ni ya vijidudu vilevile, ilikuwa imepungua makali tangu mwishoni mwa karne ya 19 bila dawa yoyote.

Mwanzisha uzi

Colebrook mwenyewe alilisema hilo. Aliandika kwamba huenda ugonjwa ulikuwa umekuwa mwepesi mwaka ule, na akakataa kuipa dawa sifa yote mpaka wengine wapate matokeo kama yake. Walipata. Na ukitazama mchoro wa Uingereza na Wales, mstari uliolala kama barabara ya tambarare kwa miaka themanini unainama ghafla kuanzia 1936 na 1937, na ule wa Marekani unainama karibu wakati uleule. Si rahisi vijidudu vya pande mbili za Atlantiki vikubaliane kupoa katika msimu mmoja. Kwamba upole wa vijidudu ulisaidia kidogo, sikatai. Mengine yalifuata: sheria ya mwaka 1936 iliyowapa wakunga mishahara ya serikali, damu ya kuongezewa, kisha penisilini. Kufika mwaka 1950 vifo vilikuwa chini ya 1 kwa kila uzazi 1,000.

Salfa nayo haikuwa malaika. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliiyeyusha katika kimiminika chenye sumu, ikaiuza kama dawa tamu ya kunywa, na watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto. Sheria ya dawa ya nchi hiyo ya mwaka 1938 ilitokana na msiba huo.

Mkunga Mstaafu

Na kabla ya salfa, mikono waliipaka nini? Sisi tulitumia Dettol mpaka ngozi ikawa inanukia hivyo hata siku ya mapumziko.

Mwanzisha uzi

Hapo mama umegusa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Hiyo Dettol iliingia katika kazi ya ukunga kwa mkono wa Colebrook huyohuyo. Karboliki na Lysol zilichoma ngozi, na mkunga aliyeungua mikono huosha kwa woga. Mwaka 1933 Colebrook na mwenzake walipaka dawa hiyo mpya mikononi, wakaiacha ikauke, kisha wakaweka streptokoka juu ya ngozi hiyo kwa makusudi, na vijidudu vikafa. Ngozi iliendelea kuviua kwa saa mbili hivi baada ya kupakwa. Hospitali ya Queen Charlotte's ikaanza kuitumia, na homa ikapungua mle wodini kabla ya Prontosil kufika. Chupa iliyoko bafuni kwa wengi wenu ilianzia huko.

Mpenda Historia

La mwisho. Uliwahi kudokeza katika uzi mwingine kwamba mtafiti mmoja wa maabara hiyo aligeuka rangi ya waridi. Ilikuwaje?

Mwanzisha uzi

Huyo ni Ronald Hare, aliyefanya kazi na Colebrook. Mwanzoni mwa 1936 alijikata kidole kwa kipande cha kioo chenye streptokoka waliotoka kwa mgonjwa. Mkono ukavimba, homa ikapanda, na kwa muda madaktari walidhani mkono utakatwa au atakufa. Colebrook, ambaye alikuwa ameipata Prontosil na bado anaipima, alimpa rafiki yake vidonge na sindano, kipimo kikubwa. Hare akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akakaa kitandani kwa wiki nyingi, na akapona, mkono ukiwa umebaki na udhaifu kidogo. Mwaka huohuo alihamia Toronto, Canada, na wakati wa vita alikuwa miongoni mwa walioanzisha utengenezaji wa penisilini nchini humo.